Shajara ya mradi: kuchora asili ya majina ya Applecross, Uskoti

Naandika hii ili mtu akitaka kufanya kitu kama hiki asitumbukie kwenye mashimo yale yale. Kazi yenyewe ni kuchukua parokia moja ya mashambani huko Uskoti, kuweka majina yake ya mahali kwenye ramani, afu kuonyesha kwa rangi kila jina limetoka lugha gani, lina maana gani, na ardhi yenyewe inalikubali au inalikataa. Natumia QGIS, programu ya kuchora ramani ambayo ni ya bure, laptopu ya kawaida, na muda wa jioni baada ya kazi. Naishi Inverness kwa hiyo eneo si mbali sana, ila sehemu kubwa ya hii kazi mtu anaweza kuifanya akiwa Tanga au Kisumu ilimradi ana bando.

14 Januari 2024: mpaka

Parokia ni Applecross, rasi ya pwani ya magharibi ya Ross, ukisimama ufukweni unaiona Raasay na nyuma yake Skye. Nimeichagua manake lugha zimepandana pale: kuna tabaka la lugha ya Wapikti, watu wa kale wa Uskoti, na ndugu zao Wabritoni, kuna Kigaeli, kuna Kinorse cha mabaharia wa kutoka kaskazini, afu juu ya yote tahajia ya Kiingereza iliyopakwa baadaye na wapima ardhi.

Nilidhani mpaka ungekuwa kazi ya nusu saa, kumbe neno parokia kule lina sura nyingi. Applecross ilikatwa kutoka Lochcarron mwaka 1726, na ilikuwa kubwa, imemeza Shieldaig na Torridon. Baadaye Shieldaig ikapewa parokia yake kwa mambo ya kanisa tu, huku kwa mambo ya serikali bado iko ndani ya Applecross. Afu mabaraza ya parokia yakafutwa 1930, kwa hiyo leo ukimuuliza mtu Applecross ni wapi anakuonyesha zile nyumba za kwenye ghuba na vijiji vya jirani, basi. Faili za mpaka nilizozikuta mtandaoni kila moja ina umbo lake. Nimechukua parokia ya kiserikali kama ilivyochorwa kwenye ramani za Ordnance Survey (OS, shirika la serikali la kuchora ramani za Uingereza) za miaka ya 1870, nikaifuatisha kwa mkono juu ya picha ya ramani ya zamani. Ushauri: chagua mpaka wa mwaka mmoja, uandike mwaka huo kwenye jina la faili, usichanganye.

Gharama: hamna.

28 Januari: data

Haraka haraka: OS Open Names kwa majina ya sasa, OS Terrain 50 kwa mwinuko, zote za bure. Ramani za zamani zipo kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Uskoti, unazivuta moja kwa moja ndani ya QGIS kama leya ya chini. Na kubwa kuliko zote ni GB1900, ambayo watu wa kujitolea walikaa wakanakili maandishi ya ramani za inchi sita (yaani inchi sita kwa maili moja) za Uingereza nzima za kati ya 1888 na 1914, zaidi ya maandishi milioni 2.5, faili unapakua hivi hivi. Ukifungua kwa Excel laptopu inaganda. Kata kwanza eneo lako ndani ya QGIS ndo uendelee.

4 Februari: parokia imeenda kuogelea

Majina mengine nilikuwa nayachapa mwenyewe kutoka kwenye vitabu, na vitabu vinatoa koodineti za gridi ya taifa zenye herufi mbili mbele. Ghuba ya Applecross iko kwenye NG 71 44. Nikatoa zile herufi manake kolamu ilitaka namba tupu, nikapakia, ramani haina kitu. Nikabofya kuonyesha leya yote, nikaikuta parokia nzima iko baharini, kule chini kusini kabisa, kaskazini magharibi ya visiwa vya Scilly!

Zile herufi si pambo, ni namba zimefichwa. Gridi imegawanywa miraba ya kilomita 100, na NG maana yake unaongeza mita 100,000 kwenye namba ya kwanza na 800,000 kwenye ya pili. Kwa hiyo NG 71 44 ni 171000 na 844000. Ukiziacha unabaki na 71000 na 44000, na hapo ni maji matupu.

Baada ya kurekebisha hiyo, majina yakakaa nchi kavu lakini yote yamesogea kama mita mia upande mmoja. Hii ni ya pili kwa kuumiza watu: latitudo na longitudo za OSGB36, mfumo wa zamani wa ramani za Uingereza, ukiiambia programu ni za WGS84, mfumo wa GPS, kila kitu kinahama kidogo, na kwa sababu ni kidogo unaweza usigundue hadi mwisho. Kwangu iligundulika manake kisima kilikuwa kimeota juu ya paa. Mradi wote sa hivi uko EPSG:27700, yaani ile gridi ya taifa, na kinachoingia kinabadilishwa mlangoni.

18 Februari: ò mbili zisizojuana

Hii imekula wikiendi yote. Nilikuwa na jedwali la maana za maneno ya Kigaeli (mòr, kubwa, beag, ndogo, dubh, nyeusi, bàn, nyeupe, camas, ghuba, coire, bonde lililochongwa kama bakuli mlimani) na jedwali la majina, nikayaunganisha, karibu nusu ikakataa ingawa kwa macho maneno ni yale yale.

Sababu zilikuwa tatu, zimekaa moja juu ya nyingine.

Ya kwanza, herufi ò inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja, au kama o ya kawaida ikifuatwa na alama ya mkwaju peke yake. Kwenye skrini huoni tofauti, kwa kompyuta ni vitu viwili. Dawa ni kupitisha maandishi yote kwenye usawazishaji wa Unicode, ule unaoitwa NFC, mstari mmoja tu wa Python.

Ya pili, vitabu vya zamani vinaandika mór, mkwaju umeelekea upande wa pili. Kanuni za tahajia za 1981 ziliuondoa mkwaju huo ukabaki mmoja tu. Na apostrofi nazo, ya kunyooka na ya kupinda, kwenye jina kama A' Chomraich (Applecross kwa Kigaeli) zinaharibu kila kitu.

Ya tatu ndo lugha yenyewe. Kigaeli kinabadilisha mwanzo wa neno kufuatana na jinsia ya nomino iliyotangulia: bàn inakuwa bhàn, mòr inakuwa mhòr. Ndo maana ule mlima mkubwa ni Beinn Bhàn wakati kijiji ni Lòn Bàn. Sisi tuliozoea mlima mweupe na nyumba nyeupe hatushtuki, ila kompyuta inashtuka. Nikaweka kolamu ya shina, kila neno linarudishwa kwenye umbo lake la msingi kabla ya kuunganisha. Kwa mkono. Nilijaribu kufuta h zote za herufi ya pili kwa amri moja ikanirudishia chomraich na dhubh vizuri lakini ikaharibu maneno mengine yenye h yake halali, usifanye.

Na Shieldaig: kuunganisha kwa jina kulinipa Shieldaig mbili, manake kuna nyingine karibu na Gairloch, tena na yenyewe ina Loch Shieldaig yake. Kenmore nayo ikaniletea ile ya Perthshire iliyoko Loch Tay. Unganisha kwa jina NA kwa mahali, yaani jina lifanane na pointi zisipishane zaidi ya kilomita mbili hivi.

17 Machi: pini za GB1900

Milima ilikuwa imeangukia kwenye maziwa. Si mmoja, mingi. Nikaanza kushuku koodineti tena, hapana, zilikuwa sawa. Tatizo ni kwamba wale wa kujitolea waliambiwa waweke pini pale maandishi yanapoanza, chini ya herufi ya kwanza, na si pale kitu kilipo. Kwa nyumba au kisima haina shida. Lakini jina la mlima au bonde kwenye ramani ya inchi sita linatandazwa herufi kwa herufi, linaweza kuanza kilomita nzima kabla ya kilele.

Hapa hakuna njia ya mkato, nimesogeza kila mlima na kila bonde kwa mkono nikiangalia ramani ya chini. Ila nimeacha koodineti ya zamani kwenye kolamu yake ili anayefuata aone nimehamisha nini. Vifupisho vya alama za wapima na njia za miguu nimevifuta, vimejaa kama dagaa.

21 Aprili: kompyuta ikisie lugha, haikuweza

Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi. Kinorse vík, ghuba, kikiingia Kigaeli kinakuwa -aig mwishoni. Kwa hiyo jina lolote linaloishia -aig lipakwe rangi ya bluu ya Kinorse, lenye beinn (mlima), coire, camas, sgùrr (kilele) lipakwe kijani cha Kigaeli, lenye neno la Kiingereza lipakwe kijivu. Saa moja kazi imekwisha.

Matokeo yakawa vichekesho. Shieldaig ilikaa sawa, ni síld na vík, ghuba ya heringi, Wagaeli wanaiita Sìldeag. Toscaig sawa. Lakini Kigaeli kina maneno yake ya kike yanayoishia -ag ambayo yakifuata neno lingine yanageuka -aig, kwa mfano feadag, ndege wa mbugani, anakuwa feadaig, na hayo yote yalipakwa bluu kana kwamba kila ndege wa mlimani alikuja na mashua. Tornapress ikawa kijivu, Kiingereza, kwa ajili ya press. Press hapo ni preas ya Kigaeli, kichaka.

Na Applecross yenyewe ikawa kijivu, tufaha na msalaba. Hapa nisimame kidogo manake ndo kiini cha mradi wote.

Ukisoma jina kama lilivyo leo unapata tufaha. Watu wamelisoma hivyo kwa muda mrefu, kuna hadi hekaya ya miti mitano ya matufaha iliyopandwa kwa umbo la msalaba kwenye bustani ya mwenye ardhi. Lakini kumbukumbu za Kiairishi zinasema mwaka 673 mtawa Máel Ruba, aliyetoka Bangor kule Ireland, alianzisha kanisa mahali paitwapo Aporcrosan. Apor ni aber, mdomo wa mto, neno la lugha ya Wapikti na Wabritoni, lile lile lililoko Aberdeen. Crosan ni mto wenyewe. Yaani ni mahali Crosan inapoingia baharini, na ukiangalia ramani kanisa la Clachan liko hapo hapo, kwenye mdomo wa mto. Hamna tufaha. Na aber upande wa magharibi ni nadra, kwa hiyo hili jina ni shahidi mzito kwamba lugha hiyo ilifika huku.

Kinachonifurahisha zaidi ni mto. Ulikuwa Crosan, ukawapa watu jina la mdomo wake, afu jina la mdomo likakua likawa la kijiji, la parokia, na leo ramani inauita mto wenyewe River Applecross. Kwa maneno mengine umeitwa mto wa mdomo wa mto.

Wagaeli nao hawatumii hilo jina, wao wanasema A' Chomraich, mahali pa hifadhi, manake eneo la monasteri lilikuwa kimbilio, na kwa mapokeo lilienea maili sita kuzunguka kanisa. Ile ch ya mwanzo ni kh yetu ya kheri, kwa hiyo mtu wa pwani analitamka bila jasho kuliko Mwingereza.

Kwa hiyo kupaka rangi kwa kompyuta nimekufuta kote. Utaratibu mpya: kila jina lina kolamu ya umbo la sasa, umbo la kale kabisa na mwaka wake, matamshi ya Kigaeli, ardhi inasemaje, na daraja la uhakika A, B au C, A ikiwa ya juu. Hakuna rangi mpaka umbo la kale lijazwe. Msaada mkubwa ni kitabu cha W. J. Watson cha majina ya Ross na Cromarty cha 1904, kimeshatoka kwenye hakimiliki, na jamaa alisikiliza matamshi ya wenyeji badala ya kukodolea macho ramani. Msaada wa pili ni madaftari ya majina ya Ordnance Survey, ambamo wapimaji waliandika kila jina kwa tahajia mbalimbali pamoja na nani aliyethibitisha. Angalia safu hiyo ya waliothibitisha! Mara nyingi ni mchungaji wa kanisa, mwalimu, msimamizi wa shamba la bwana mkubwa. Mvuvi humwoni sana. Hiyo inaeleza tahajia nyingi.

19 Mei: kwenda kuona

Gharama hizi hapa: mafuta pauni 45 hivi, kulala pauni 95, ramani ya karatasi ya Landranger namba 24 pauni kumi na ushee. Unaweza kupunguza ukilala kwenye hema, mimi na mbu wadogo wa Uskoti hatupatani.

Barabara ya kuingia ni Bealach na Bà, njia ya mlimani ya ng'ombe, inaanza usawa wa bahari Loch Kishorn na kupanda hadi mita 626 kwa kona za kujikunja, njia moja tu na sehemu za kupishana. Pale chini kuna kibao kikubwa kinachowaonya wanaojifunza gari na wenye trela za kulala za kuvuta. Hadi miaka ya 1970 ilipokamilika barabara ya pwani kutoka Shieldaig hii ndo ilikuwa barabara pekee, na theluji ikiifunga watu wanarudi kwenye mashua. Ukishaelewa hilo unaelewa kwa nini majina ya mwambao ni mengi kuliko ya ndani: mlango wa hii parokia ulikuwa bahari.

Nilikuwa na orodha ya majina ya kukagua kwa macho. Coire na Poite, bonde la chungu, linaonekana kutoka barabara ya upande wa Kishorn, ukuta wa mawe umezunguka pande tatu, nimelipa A bila mjadala. Beinn Bhàn, mlima mweupe, mita 896, huo ukiutazama kutoka mashariki ni jiwe la mchanga jeusi-jekundu, hakuna weupe wowote, lakini mgongo wake wa magharibi ni mteremko wa majani wa rangi hafifu, na bàn ni hafifu kama ilivyo nyeupe. Somo la uwanjani: jina lina upande wake, uliza lilitolewa na mtu aliyesimama wapi.

Eilean nan Naomh, kisiwa cha watakatifu, karibu na Camusterrach, ndiko mapokeo yanakosema Máel Ruba alitia nanga. Kidogo sana. Kaskazini, pale Sand, chini ya mwamba kuna lundo la makombe ya watu waliokula vya bahari miaka kama 9,000 iliyopita, na hatuna hata jina moja tunaloweza kusema kwa uhakika ni lao. Ramani yangu nzima inaanza 673. Nimeandika hivyo kwenye kona ya ramani ili mtu asidhani rangi ya chini kabisa ndo mwanzo wa mambo.

16 Juni: mwinuko

Nimepitisha pointi zote zenye daraja A na B juu ya Terrain 50. Za Kinorse zimejipanga chini, kwenye maji, na za Kigaeli zinapanda hadi vileleni. Inaeleweka, baharia anataka kujua ghuba, mchungaji wa ng'ombe anataka kujua kila bonde. Ila tahadhari kwa atakayenakili: hii haithibitishi Wanorse hawakupanda mlima, inaonyesha majina gani Wagaeli waliona yanafaa kubaki nayo. Walichukua Shieldaig wakaongeza loch mbele, ikawa Loch Shieldaig, ziwa la bahari la ghuba ya heringi.

Torridon ndo imenipa kazi. Watson aliisoma Toirbheartan, mahali pa kuvusha mizigo. Kwa karatasi ni B. Nikachora mkato wa ardhi kutoka kichwa cha Loch Torridon kupitia Glen Torridon hadi Kinlochewe kwenye Loch Maree, na bonde ni wazi moja kwa moja, mtu anaweza kubeba mashua kutoka bahari ya chumvi hadi maji baridi bila kupanda mlima. Bado B, lakini B ya juu. Loch Maree yenyewe ni ziwa la Máel Ruba, nje ya mpaka wangu, nimeiweka kwa rangi ya kufifia tu.

30 Juni: kuchapa

Duka la kwanza walinichapia A1 kwa pauni 18, na kila ò, à na ù imetoka kiboksi kitupu. Fonti yangu haikuwa kwenye mashine yao. Kwenye QGIS ukitoa PDF kuna chaguo la kugeuza maandishi kuwa michoro, weka hilo, faili linakuwa zito lakini kila mkwaju unatoka. Pauni 18 nyingine.

Kilichobaki ni visiwa vya Crowlin, ambavyo ni rahisi (Eilean Mòr, Eilean Meadhonach, Eilean Beag: kikubwa, cha kati, kidogo), na majina ya mashamba ya kutoka Lonbain hadi Fearnmore ambayo madaftari yake sijamaliza kuyasoma. Jedwali na faili ya mpaka zinatolewa bure kwa atakayetaka, ila za C nimezitoa kwenye ramani ya kuchapa, zimebaki kwenye jedwali tu.